Koki ya Nje ya Ukuta

Mama yetu, dada yetu, shangazi yetu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa tatu wa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, katika chumba cha nyuma cha duka hilohilo. Kabla hajajua kusoma alishajua spana ni ipi na koleo ni ipi.

Alimaliza shule ya msingi ya misheni mwaka 1971, kisha akaingia chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani. Mwalimu akamshauri akajaribu ushonaji. "Nikimaliza hapa, mwalimu, nitakushonea shati," akamjibu. Alimaliza. Shati hakulishona.

Mwaka 1977 aliajiriwa hospitalini kama fundi bomba, na hapo ndipo alipostaafia mwaka 2016. Hakutupa kandambili iliyokatika. Alikata humo mipira ya kuzibia koki, na wagonjwa wamenawa miaka yote kwa kandambili zetu bila kujua. Uwakili wake wa kutunza vya Mungu haukuwa wa Jumapili tu. Koki inayodondosha hakuipita, iwe yake au ya watu. "Vya Mungu hivi, nimeshikishwa tu," alisema, na huyo, ameshapiga goti kwenye tope. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Shangazi Koki.

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na mwashi aliyejenga ukuta wa kanisa hili. Mahubiri ya ndoa yakiendelea, alisikia maji yanadondoka kwenye chumba cha nyuma. Akamnong'oneza bwana harusi, "Nisubiri." Akaenda kuikaza koki, akarudi pindo la gauni limelowa chapachapa, na mchungaji akamuuliza kama bado anataka kuolewa. "Sasa ndiyo nakusikia vizuri, baba mchungaji," akasema. Walijaliwa watoto wawili, wakaishi kwa kutaniana mpaka mume alipotangulia mwaka 2012.

Sasa kuna jambo ambalo baadhi ya ndugu walitaka lirukwe. Halirukwi. Koki iliyoko nje ya ukuta wa kanisa aliiweka yeye kwa mikono yake, na kila mpita njia alichota. Mwaka 2021 kamati ya majengo ikaitia kufuli, eti wanaochota hawasali hapa. Shangazi akalikata lile kufuli mchana kweupe. Wakamwita kikaoni.

"Mama, ile ni mali ya kanisa," mwenyekiti akamwambia.

"Maji ya Mungu, bomba la kanisa, jasho langu," akajibu. "Mwenye mali ni nani hapo? Sote tumewekewa tu. Siku ile nitaulizwa kama nilitunza, na sitathubutu kusema nilitunza kwa kufuli!"

Wakamsimamisha kuimba kwaya. Akahamia benchi la mbele, akawa anaimba kuizidi kwaya yenyewe. Kila kufuli jipya lilipotiwa, lilikatwa, mpaka kamati ikachoka. Mwenyekiti yupo hapa, mstari wa pili. Karibu, mzee wetu, tunakuheshimu sana, lakini kweli tutaisema.

Agosti mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alilazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia, na siku ya kwanza tu alimtuma muuguzi amwitie fundi kwa ajili ya sinki la wodini, daktari baadaye. Nguvu zilipomwishia alimshika mkono mtoto wa kaka yake, ndiye anayesoma wasifu huu. "Mkishanizika wataifunga," alisema. "Usikubali, mwanangu." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Inauma, jamani, inauma mno.

Kesho yake, hata jeneza hatujachagua, kufuli lilikuwa limerudi.

Ameacha kaka mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, mtoto wa kaka mwenye kichwa kigumu kama chake, na mkoba wa vifaa vya kazi. Mkoba huo haugawanywi wala hauuzwi. Umeshaanza kazi leo asubuhi, kabla ya ibada. Kwa hiyo tukimaliza kufukia, na mikono yetu imejaa udongo, asihangaike mtu kutafuta maji. Zungukeni nje ya ukuta. Yanatoka.

Apumzike sasa Shangazi Koki, kwa amani yote. Koki iko wazi, na haifungwi.