Viatu vya Watu wa Dodoma

Mwaka ule wa tisini na saba, kila mgeni wa ziwani alidhaniwa mkimbizi aliyevuka kutoka ng'ambo, na mkimbizi aliyeonekana nje ya kambi alichukuliwa na mgambo. Nilipanda boti ya abiria pale Kibirizi, nikaketi nyuma ya wanawake wawili wasiofahamiana. Mmoja alikuwa Mwanaima, muuza dagaa, anayehoji watu kana kwamba boti ni ya baba yake; mwingine alikuwa mama aliyesafiri na binti yake.

"Kwa hiyo mmetoka Dodoma kuja kukaa ufukweni tu?"

"Kupumzika, dada. Shule zimefungwa. Mwanangu hajawahi kuona ziwa."

Mwanaima akamgeukia binti, wa miaka kama kumi na mitano, aliyepakata viatu vyake, kisha akamrudia mama. "Wewe umepanda na viatu, vimelowa chapachapa. Yeye alivua tukiwa bado mchangani, akakunja gauni, akaenda kukaa katikati. Nani kamfundisha?"

"Watoto wa siku hizi wanajua mengi," akasema mama. Jibu hilo halikunitosha hata mimi ambaye sikuuliza.

"Shule gani ya Dodoma inafundisha kupanda boti?"

Tulikuwa tumekaribia kushuka, na mgambo wawili walisimama mchangani wakitungoja. Injini ikazimwa. Binti, bila kuambiwa na mtu, akainuka akaokota kamba ya mbele, tayari kuruka nayo majini.

Mwanaima akamdaka mkono, akamketisha.

"Mwanao avae viatu," akamwambia mama bila kumtazama. "Watu wa Dodoma wanashuka navyo."