Bi Hapana wa Mitungi ya Mvuke

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo tunamkumbuka fundi mmoja, mke wa mtu na mama wa mtu. Nawaambia mapema: nimekuja na hasira, wala sitaimeza.

Kiwandani walimwita Bi Hapana. Kiwanda chenyewe kinatengeneza mitungi ya mvuke, zile mashine ambazo hospitali na maabara hutumia kuua vijidudu kwenye visu, mikasi na nguo za upasuaji. Yeye ndiye aliyeujaribu kila mtungi kabla haujatoka. Aliujaza mabunda ya nguo mpaka ukashiba, akaficha utepe wa karatasi katikati ya bunda la ndani kabisa. Mvuke ukifika, utepe unakuwa mweusi. Usipofika, unabaki mweupe, naye anasema hapana, umbembeleze usimbembeleze.

"Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo," anasema binti yake. "Ukimwambia umeoga, anakukagua nyuma ya masikio."

Kisha oda zikafurika. Mhandisi mkuu, yule yule aliyemfundisha kazi hiyo, akaamuru mitungi ijaribiwe ikiwa mitupu. Mtungi mtupu hufaulu upesi, kwa kuwa ndani hamna kitu cha kuuzuia mvuke. Narudia, wasikilizaji: mhandisi alijua. Hakupitiwa, hakukosea. Alijua, akaamuru.

Bi Hapana akamfuata mpaka mlangoni pa ofisi. "Bosi, kwani huko hospitali watakuwa wanachemsha hewa?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Bosi hakucheka. Kesho yake mama wa watu akapelekwa kitengo cha rangi, kuipamba mitungi asiyoiamini. Mumewe anasema alianza kurudi nyumbani kimya, na kimya cha mkewe hakukizoea.

Miezi ikapita. Siku moja tumbo likamkamata, akakunjamana jikoni. Hospitali ikasema ni kidole tumbo, apasuliwe haraka. Akiwa kwenye machela, akaona kupitia mlango uliokuwa wazi mtungi wa kiwanda chao. Rangi ile aliipaka kwa mkono wake.

"Mwanangu," akamwambia nesi, "utepe mnauweka wapi?"

"Juu ya bunda, mama. Na unakuwa mweusi kila siku. Hebu tulia."

"Uweke katikati. Sipasuliwi mpaka niuone."

Nesi, Mungu ambariki, akamsikiliza. Utepe ukatoka mweupe pe.

Mweupe pe, wasikilizaji wapendwa! Daktari akasimamisha upasuaji wote. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu hawakuguswa na visu vile. Lakini Bi Hapana ilibidi akimbizwe hospitali nyingine, nayo ilikuwa mbali. Kidole tumbo kikapasuka njiani. Walipofika, hali yake ilikuwa mbaya mno. Hakurudi nyumbani.

Nimesikia watu wakisema, angenyamaza angepona. Maneno gani hayo? Yeye ndiye wa kulaumiwa, na walioupitisha mtungi ule tuwaache wakale chakula chao kwa raha?

Msibani kiwanda kilileta shada kubwa la maua na hotuba ndefu. Ati alikuwa nguzo yao. Nguzo waliyoing'oa wenyewe! Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, akalibeba lile shada, akalirudisha garini mwao taratibu.

"Kaikusanyeni kwanza ile mitungi," akawaambia. "Maua yatangoja."

Tunavyozungumza sasa, haijakusanywa. Iko katika hospitali nyingine, inachemka, na watu wanalazwa.

Tunampa pole mumewe, tunampa pole binti yake na ndugu zao wote. Mungu awatie nguvu, na marehemu ampumzishe mahali pema. Sisi tuliobaki tujiulize tumenyamazia nini makazini kwetu. Nawe uliyechukua nafasi yake pale kiwandani, najua redio huwa wazi karakanani. Unaijua mitungi iliyotoka bila kujaribiwa sawasawa. Unajua na ilikopelekwa. Usingoje uwe wewe kwenye machela.