Punguza Mkono, Baba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mzee mmoja, fundi ujenzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Fundi. Alijenga kuta za watu maisha yake yote. Alipostaafu, akaingia jikoni.

Ndiyo, jikoni! Mjukuu wake aling'olewa meno mawili yaliyooza kwa peremende, na babu akaapa: "Wajukuu zangu hawali tena takataka za dukani." Tangu hapo, kila Jumamosi, Babu Fundi alitengeneza vitafunio vya nyumbani. Karanga, ufuta, tende, asali. Basi. Vitu safi vya kujenga mwili.

Tatizo lilikuwa mkono. Mkono wa fundi haujui kubembeleza. Alimimina mchanganyiko kwenye trei, akaukandamiza kwa kibao kipya cha kusawazishia sakafu, akaweka na pima maji juu. Vipande vilitoka vimenyooka hasa! Lakini kuviuma? Thubutu! Mjukuu alijaribu, akashika shavu. Baba yake akanong'ona, "Hivi vinataka msumeno."

Babu mwenyewe hakuvionja, maana alikuwa na meno ya bandia. Alitegemea neno la mkwewe, mke wa mwanawe, fundi cherehani aliyeishi naye nyumba moja.

"Vipi, mama, vinalika?"

"Vitamu sana, baba."

Kila Jumamosi, vitamu sana. Babu akishajilaza, mkwe anavichukua nyuma ya nyumba, anavipondaponda na kuwamwagia kuku wa jirani. Aliogopa kumvunja moyo mzee, anasema. Tena kudanganya kulikuwa rahisi.

Siku moja babu hakulala. Alitoka nje akakuta kuku wanadonoa makombo, na mkwewe kachuchumaa, nyundo mkononi. Tena nyundo yenyewe ya babu! Mkwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Babu aliwatazama kuku, akaitazama nyundo, akarudi ndani taratibu.

Jumamosi iliyofuata alileta sahani mbili. "Hii ya watoto," alisema. "Na hii ya kuku. Hao ndio wateja wangu wa kweli." Akacheka. Mkwe naye akacheka, uso unamwaka kwa aibu. Na hata hapo, wapendwa, hata hapo hakumwambia kwamba anakandamiza mno. Alisema tena, "Vitamu, baba."

Wiki iliyopita Babu Fundi alifariki usingizini. Waombolezaji walipoondoka, mkwe alikuta jikoni karanga, ufuta na tende, babu keshazichambua. Akazichanganya na asali. Kibao hakukigusa. Alibonyeza kwa kiganja tu, polepole. Watoto walimaliza trei nzima wakagombania makombo.

"Mama," aliuliza yule mjukuu, "kwa nini hukumfundisha babu?"

Mkwe alichukua trei tupu, akaenda kuiosha. Ameniambia huku analia: "Yalikuwa maneno matatu tu. Punguza mkono, baba. Angepunguza! Mzee wa watu alikuwa anauliza kila wiki, na mimi nikamwacha alishe kuku. Naona haya hata kukaa kwenye kiti chake."

Kwa mwanawe, wajukuu, na wewe mkwe unayetusikiliza hapo kwenye cherehani, poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu pema.

Na wewe mpendwa msikilizaji, pengine sasa hivi kuna mtu jikoni kwako amekuwekea sahani, amesimama pembeni, anakuuliza kama chakula kinalika. Mjibu ukweli, angali anasikia.