Alama ya Wino Upande wa Kushoto

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Kalamu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Sisi wadogo zake alitulea kwa mgongo wake na kwa makofi yake.

Alimaliza sekondari mwaka 1965, akasomea upigaji picha za hospitali.

Kuanzia 1969 alifanya kazi katika chumba cha mionzi. Mgonjwa alidungwa dawa yenye mionzi kidogo. Uvimbe wa ubongo uliinyonya kuliko sehemu nyingine, na mashine ikaonyesha ulipo. Picha haikudanganya. Shida ilikuwa macho ya mkubwa. Mwaka 1979 daktari mkuu wa upasuaji aliibandika picha ya seremala mmoja kwenye taa ya kusomea picha ikiwa imegeuka, kushoto kukawa kulia.

"Mkuu, umeigeuza," dada alimwambia.

"Wewe mpiga picha tu. Daktari ni mimi."

Seremala wa watu akapasuliwa pasipo na kitu, akazikwa wiki ileile. Mkuu aliita hiyo bahati mbaya ya mgonjwa, akapewa ofisi yenye zulia. Tangu hapo dada hakuruhusu kichwa kitoke chumbani mwake bila alama ya wino upande wenye uvimbe. Ndipo akaitwa Kalamu.

Mwaka 1971 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole aliyejua kutobishana naye. Walijaliwa mabinti wawili.

Januari mwaka huu wa 1996 alianza kuumwa kichwa. Alipimwa kwa mashine yake mwenyewe, akaitazama picha, akasema, "Kushoto, nyuma ya sikio." Mpasuaji wa vichwa alikuwa yuleyule mmoja. Basi dada akanishikisha kioo, akajinyoa, akajichora alama.

Muuguzi aliyekuwepo chumba cha upasuaji ametueleza: mkuu aliuliza, "Nani kamchafua mgonjwa kichwa?" Akafuta kwa spiriti. Kisha akaibandika picha kwenye taa, kama alivyozoea.

Dada alipozinduka alipapasa bandeji, ikawa upande wa kulia. "Mdogo wangu," akaniambia, "amebomoa kwa jirani." Akacheka, kidonda kikamuuma. Alifariki tarehe 9 Februari, saa tisa alasiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, wadogo watatu, na watu wazima wengi waliosimama hapa, ambao nywele zimeota juu ya alama zake.

Daktari mkuu ana mkutano. Ametuma shada kubwa kuliko yetu yote. Tumelipokea, tumeliweka upande wa kulia, anaoupenda.

Dada yetu alale kwa amani, na asifutwe tena.