Nani Alisema Kalas?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi, mbele ya kibanda cha kutengeneza simu pale Hai Cinema, mjini Juba. Kahawa ni ya Florence, mama wa miaka arobaini na kitu aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Uganda, na hapo benchini wanamwita Mama Gahwa. Wateja wasiokosa ni watatu. Apollo, fundi simu kutoka Masaka, ndiye Injinia. Gune, mwendesha bodaboda aliyekulia Nairobi, ndiye Bunge, kwa sababu kwake hoja haifungwi. Ojok ndiye Ambasada, kwa kuwa hakuna mtu mkubwa Juba hii ambaye hajala naye sahani moja, kwa maelezo yake mwenyewe. Miezi mitatu sasa hawana habari nyingine ila albamu moja ya jazi: piano, besi ile ndefu ya kusimama, na dramu, watu watatu tu, iliyorekodiwa mbele ya watazamaji Jumapili moja alasiri katika bustani ya hoteli fulani kule mtaa wa Amarat. Wimbo wa nne, dakika ya sita, piano inanyamaza ghafla, na katika ukimya ule sauti ya mwanamke inasema, “Kalas!” Mji mzima umeuliza ni nani. Florence hakuuliza. Alikuwa ni yeye.

Asubuhi hiyo Injinia alikuwa ameshauweka wimbo wa nne kwenye spika yake, kwa mara ya tatu, na kahawa ya pili ilikuwa haijamiminwa.

— Mimi nasema hivi, akaanza Injinia. Hii muziki iko tamu juu hakuna mutu anaimba. Mutu akiimba, unajua yeye ni wa wapi. Unaanza kuuliza, huyu ni wa kwetu ao wa kwao? Hii haina maneno. Haina kabila. Kila mutu anakula.

— Maneno iko, buda, akasema Bunge. Neno moja. Na hilo moja ndilo linauza albamu yote. Ukitoa ile kalas, hiyo ni muziki ya lifti.

— Lifti umeona wapi Hai Cinema?

— Nimeishi Nairobi, mimi. Sikiza. Yule mwanamke alilipwa. Hoteli ilimpanga. Wakajua watu watauliza nani, nani, na kila anayeuliza lazima asikize tena.

Florence alikuwa anakoroga sukari. Tangu albamu itoke alikuwa amejifunza kukoroga bila kijiko kugusa glasi, kazi ngumu kuliko unavyodhani. Maana kama ukisikiliza vizuri, nyimbo zote nane zina mlio mdogo nyuma yake, ting, ting, na huo ulikuwa wake pia. Siku ile hoteli ilimwajiri kuchemsha kahawa nyuma ya viti vya watazamaji, na meneja alimwambia mapema kwamba akipiga kelele hataitwa tena. Alihesabu kuwa kelele ameshapiga, tena ya kutosha.

— Na ile ting ting? akauliza Bunge. Injinia, ni chombo gani?

— Ni ile chuma ya pembe tatu. Wanaigonga na kafimbo.

— Barafu, akasema Ambasada kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Barafu kwenye glasi za watu wa mashirika. Mimi nilikaa nao meza moja.

— Ulikuwa wapi wewe? akadakia Bunge. Wiki ile ulikuwa na malaria, mimi ndiye nilikupeleka kliniki.

— Ya jamaa, malaria haizuii mtu kualikwa.

Wakacheka, hata Florence akatabasamu akiinamia sufuria. Kisha Ambasada akainamisha kichwa, akasubiri mpaka wote wamtazame.

— Wacheni kucheka. Nina habari mbaya. Huyu Jude, mpiga piano, rafiki yangu kabisa, anarudi Kampala kesho.

— Kwa nini?

— Juu ya kalas. Amewaambia wenzake, Cirillo wa besi na Majok wa dramu, kwamba Juba ilimwambia basi, mbele ya watu na mbele ya mashine ya kurekodi. Hataki kupiga hapa tena. Jumapili walikuwa na onyesho lingine. Limekufa.

Florence akakiweka kijiko chini. Miezi mitatu aliogopa meneja, akaogopa kuchekwa na hawa watatu, na siku zote alijiambia kuwa neno moja halimuumizi mtu. Leo ndiyo anasikia limemuumiza mtu, tena yule ambaye, kati ya watu wote, asingependa kamwe kumuumiza. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

— Kwa hiyo yule mwanamke ni adui yake, akasema Bunge. Bibi aliyemwacha. Amevuka mpaka kutoka Kampala, amelipa kiti, amekaa, amesubiri dakika ya sita.

— Hapana, akasema Ambasada, sasa damu imemchemka. Bustani ile siku ile kulikuwa na wakubwa wawili waliogombana. Walikuwa wanapatana kimya kimya chini ya muziki. Kalas ilikuwa ishara. Maana yake, mambo yamekwisha, kila mtu aende kwake.

— Na wakubwa hao ulikula nao?

— Mmoja tu.

— Nyinyi wote hapana jua kitu, akasema Injinia. Mimi nasikiliza hii kitu na masikio ya fundi. Ile sauti haitoki kwa watu. Inatoka ndani ya piano.

Akaipunguza sauti spika yake, akaendelea.

— Munajua ile piano ilikaa wapi mbele ya kwenda hoteli? Kwa stoo, mutaa ya Juba na Bari, karibu na mto. Miaka mingi. Nje ya mulango watu wanauza samaki, wanaongea Kiarabu cha Juba asubuhi mpaka jioni. Mbao inakunywa maji, inakunywa na maneno. Siku moja unaigonga vizuri, inatapika neno moja.

— Injinia.

— Mimi nasema tu.

— Injinia, na mimi simu yangu nilimwachia mtu mwenye akili hizi aifungue! akapiga kelele Bunge.

Katikati ya kicheko hicho akaja mgeni. Kijana mrefu mwenye shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Akasalimia kwa heshima, akaomba kahawa, akakaa ukingoni mwa ubao. Ambasada akasogea kidogo kumpisha, akampa mgongo, akaendelea kumweleza Bunge jinsi Jude anavyopenda pilipili.

Florence alimjua papo hapo. Siku ile alimwona kwa nyuma na kwa ubavu, lakini vidole vile angevijua popote. Ndiye Jude mwenyewe, na rafiki yake wa sahani moja alikuwa amempa mgongo.

— Samahani, akasema mgeni. Nimesikia hapa munapiga hii albamu kila siku, ndiyo nimekuja kuuliza. Mimi niko Juba mwaka moja tu, Kiarabu chenu sijui. Hii neno, kalas. Maana yake nini?

— Hiyo ni rahisi, akasema Injinia. Kalas ni imeisha.

— Imeisha wapi? Bunge akadakia. Mimi nikielewana na abiria nasema kalas, anapanda, tunaenda. Hapo safari ndiyo inaanza!

— Kalas ni nyamaza, akasema Ambasada. Mama watoto akisema kalas, mimi sina neno tena.

— Na chakula ikiiva? Si wanasema kalas, njoo mukule?

— Na mtu ukimkanyaga, akuambie kalas, amekusamehe.

— Ao amekasirika, hataki kukuona.

— Inategemea na uso.

— Sasa, akasema mgeni taratibu, mutu ambaye uso yake hukuiona. Anasema kalas katikati ya kazi yako. Anakuambia anza ao acha? Amekusamehe ao amekasirika?

Spika ilikuwa imefika mwisho wa albamu na hakuna aliyeigusa. Watu waliozaliwa na neno hilo mdomoni, na wengine waliolijua miaka kumi, hawakuweza kumjibu mtu mmoja swali moja.

Florence akaiinua glasi ya mgeni. Alijua kwamba akinyamaza, kesho mtu huyu atapanda basi na lile neno tumboni, na yeye atabaki akikoroga kimyakimya maisha yake yote. Akashika kijiko, akakiacha kigonge ukingo wa glasi kama zamani. Ting, ting.

Mgeni akainua kichwa haraka.

— Rudia.

Akarudia.

— Ni wewe, akasema. Hiyo sauti iko kwa nyimbo zote. Cirillo alitaka ikatwe, mimi nikakataa. Nikamwambia, bila hiyo itakuwa imerekodiwa ndani ya kabati.

— Ni mimi, kaka Jude, akasema Florence. Na ile kalas ni mimi pia.

Ambasada aliposikia jina akageuka polepole, kahawa ikamwagika kwenye suruali yake.

— Mimi mama yangu alikufia kambini, upande wa Arua, akaendelea Florence. Siku ileile gari ya kurudi ikawa tayari. Nilikuwa na watoto, na mizigo. Sikulia. Nilifika Juba, nikaanza kazi, sikulia. Miaka ikapita, nikafikiri basi, mimi sina machozi. Sasa siku ile wewe na mkono wako wa kushoto, unarudia palepale, palepale, kama mama yangu alivyokuwa anafagia uwanja asubuhi. Nikalia mpaka nikaacha maji yachemke yamwagike. Halafu ukanyamaza. Nikapumua, nikasema kalas. Haikuwa kwako, kaka. Nilikuwa najiambia mwenyewe kwamba sasa nimemlilia mama. Kumbe limetoka kwa sauti.

Jude alikunywa kahawa yote mara moja, ya moto hivyohivyo, akafuta macho kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyefunguliwa kamba kifuani.

— Mimi nilifikiri munanifukuza. Mwenye nyumba yangu anasema kalas hivyohivyo akitaka nitoke.

— Malesh, kaka. Nisamehe.

— Nikusamehe nini? Tangu albamu itoke sijagusa piano, mama. Miezi tatu! Sasa hivi vidole vinawasha.

Florence alijisikia mwepesi, mwepesi kabisa, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Injinia alikuwa anapiga makofi bila kujua. Bunge alisema alikuwa anajua tangu mwanzo, wakamnyamazisha.

— Lakini mama, wimbo haukuwa umeisha, akasema Jude. Pale nilinyamaza kupumua tu. Kipande kikubwa kimebaki. Niliposikia wewe niliogopa, nikapiga mara mbili, nikafunga.

— Kumbe nilisema mapema!

— Mapema sana. Mimi siendi kesho. Jumapili tunapiga, na nitaipiga yote. Wewe utakaa kiti cha mbele, nitamwambia meneja mwenyewe.

— Na kahawa?

Jude akawageukia wale watatu.

— Nani kati yenu anajua kuchemsha kahawa?

Bunge akatazama pikipiki yake. Injinia akachukua simu ya mteja, akaanza kuifungua skrubu ambazo alikuwa ameshazifungua. Ambasada, rafiki mkubwa wa mpiga piano, alikumbuka kuwa ana miadi, na alikuwa ng'ambo ya barabara kabla swali halijapoa.

Nafasi ikapatikana. Florence, ambaye miaka yote alikuwa akisimama, akaketi benchini.

— Hicho kipande kilichobaki, akauliza, kinaanzaje?

Jude akaweka vidole kumi juu ya ubao, akaanza kuugonga polepole. Alipofika mahali pa kunyamaza akanyamaza, akamtazama kwa jicho la pembeni, na safari hii Florence aliubana mdomo kwa kiganja mpaka mkono wa kushoto ulipoanza tena kufagia.