Kiti Chenye Neno Mgongoni

Bwana asifiwe! Nyinyi wa nyuma mmeitikia kama watu hawajanywa chai. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimesikia.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Kioko, fundi wa viti vya chuma hapa Kibwezi. Wengi wenu mnalala kwa vitanda vyangu. Lakini hamjui nilitolewa wapi, na leo nitawaambia. Sitawachelewesha, najua kuna waliobandika maharagwe jikoni.

Miaka ya sabini nilikuwa tanboi wa lori, kazi yangu kupakia magunia na kufunga turubai. Dereva wetu aliitwa Maundu, mtu wa Kalamba, ameokoka, mpole. Aliimba nyimbo za kanisa kutoka Mombasa mpaka Nairobi kwa sauti mbaya sana. Siku moja alininunulia kopo la rangi nyeupe, akaniambia niandike neno kwa ubao wa nyuma wa lori. Nikaandika kwa herufi zilizopinda: TUTAFIKA.

Hatukufika. Breki zilikataa kwenye mteremko tukikaribia Kibwezi, lori likapinduka. Mimi nilirushwa nje nikavunjika mguu. Maundu alifia palepale kwenye usukani. Ndugu zangu, nilimpenda yule mtu.

Mwenye lori alinihurumia, akasema mabaki yote ni yangu. Yakavutwa na trekta mpaka nyumbani kwa mama yangu, na hapo ndipo mateso yangu yalianza. Sikuweza kuyagusa! Nikikaribia, mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Nikisikia honi barabarani, najificha nyuma ya ghala. Kwenda sokoni nilipitia kwenye miiba ili nisikanyage lami. Kijana mzima! Kazi sina, na mchumba wangu alichoka kunisubiri, akaolewa huko Kanyangi. Simlaumu.

Majirani nao waliongea yao. Mnajua sisi Wakamba na ile kitu tunaita thavu, ule uchafu wa kifo unaomshika mtu akiugusa. Walisema lori lina thavu, na mimi pia ninayo. Watu wakaacha kunywa maji kwetu. Hata kuku walisemwa wana thavu! Kuku wa mama walitaga ndani ya kebini, kwenye kiti cha dereva, na hakuna aliyethubutu kula yale mayai. Wakayaatamia, yakaanguliwa. Tukawa na kuku boma nzima, wanatuangalia tukila sukuma wiki. Msicheke hivyo, hata nyinyi mngewaacha.

Mama alishaanza kusema aitwe mganga anioshe, nami nilikuwa karibu kukubali, maana nilichoka kuogopa. Ndipo asubuhi moja akaingia Mama Nduku, mjane wa Maundu, ametoka Kalamba. Nilitaka kukimbia, mguu ukakataa.

Akatusalimia, akazunguka lori polepole, akaingiza kichwa kebini. Akatoka na leso imejaa mayai.

"Haya ni ya nani?"

"Hayo hayaliwi, mama," mama yangu akamwambia. "Yako na thavu."

"Thavu gani? Hiyo kiti bwanangu alikuwa anaipangusa kila Jumamosi. Lete sufuria."

Ndugu zangu, yule mama alichemsha mayai akala! Na akaomba chumvi! Sisi tumesimama pale tunangoja aanguke. Alipomaliza alijipangusa mdomo, akanigeukia.

"Kioko mwanangu, nataka unitengenezee kiti. Kutoka kwa hii gari. Na uweke ile mbao iko na neno."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Mama, hiyo neno ilikuwa uongo. Niliandika mimi mwenyewe, na hatukufika."

"Nani hakufika?" akaniuliza. "Maundu amefika. Ni mimi na wewe tumebaki kwa njia."

Alitoa spana mbili kwenye boksi la lori, moja akanipa. Akaushika mkono wangu uliokuwa ukitetemeka, akauweka juu ya nati ya kwanza na kuomba: "Baba, huyu kijana anaogopa chuma. Na chuma ni yako. Amen." Hayo tu. Tukavuta. Nati ilikuwa imeshikwa na kutu, ikalia, halafu ikalegea. Na mimi nikalegea kifuani. Haleluya! Sikuanguka chini wala kupiga kelele. Nilitazama tu mikono yangu, nikaona imetulia.

Sikuwa fundi, nilijua tu kufungua na kufunga. Miguu ya kiti nilikata kwenye springi za lori, na kwa sababu zimepinda, kiti kikatoka kinabembea. Mimi sikupanga hivyo! Pa kukalia nilisuka kwa vipande vya tyubu. Ule ubao niliufunga mgongoni, neno likitazama nyuma, vile lilivyokuwa kwa lori. Mama Nduku, aliyebaki kwetu mpaka kikaisha, akakikalia, akabembea, akacheka mpaka akashika mbavu. Jioni ile mama yangu alichinja jogoo, na majirani wakaja mmoja mmoja wakifuata harufu. Baadaye wakaja kuuliza viti. Lori lote liliisha likiwa vitanda, meza na madawati, na sakafu yake ndiyo benchi ambazo mmekalia sasa hivi. Naona wengine mnainama kuangalia!

Mwezi uliopita Mama Nduku alilala katika Bwana, naye amefika. Watoto wake walinirudishia kiti, wakasema nitajua pa kukiweka. Ndiyo kile pale mlangoni, nimekileta asubuhi.

Ndugu yangu unayeogopa, dada yangu ambaye mikono yako inatetemeka na hujamwambia mtu, mtumaini Yesu. Tukimaliza ibada, nenda ukikalie. Hutaliona lile neno, kwa sababu liko mgongoni. Maundu naye hakuliona akiendesha, waliliona waliokuwa wakimfuata. Wewe kaa tu, ubembee, upumzike. Sisi tuliosimama nyuma yako tutakusomea.