Zambarau ya Kidole Gumba

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha bahati nasibu, njia panda ya Ti Pon, na pembeni Madan Dyelit anapika kahawa kwenye jiko la mkaa, na mimi si mtu wa kukaa pale, mimi ni wa kupita, natoka misheni nakimbilia nyumbani kunyonyesha, lakini Jumatatu ile, kura ilikuwa jana yake, nilikaa kwa sababu mbele hakupitiki. Kabla ya daraja vijana walikuwa wamechoma matairi na wanakagua vidole. Walishatangaza kwamba mtu asipige kura, na aliyepiga ana wino wa zambarau kwenye gumba, ushahidi anatembea nao mwenyewe. Mimi sikupiga. Jumapili nzima nililala na mwanangu sakafuni, mlango nimeuwekea meza. Lakini kazi yangu misheni ni kupima watoto uzito na kuwapaka dawa wale wenye utando mweupe mdomoni, na dawa yenyewe ni zambarau tupu, na glavu zimekwisha tangu lori letu likwame njiani, kwa hiyo gumba langu na kidole cha shahada vilikuwa na rangi ileile wanayoitafuta. Na mwanangu, Widlin, yuko ng'ambo ya daraja kwa mama mkwe, hajala tangu asubuhi, na maziwa yalishaanza kulowesha blauzi yangu.

Benchi lina wenyewe. Kuna fundi cherehani anaitwa Wakili, kwa sababu aliwahi kushinda kutwa mahakamani kwenye kesi ya mbuzi, na mbuzi hakuwa wake. Kuna mzee anaitwa Redio, redio haimtoki sikioni hata betri zikifa, na siku ile alikuwa amefungwa domino, kwa hiyo alikaa na vibanio vya nguo, viwili masikioni na kimoja kidevuni, maana kwetu ukifungwa unabanwa hivyo mpaka ushinde. Na kuna Namba, mwenye kibanda, ambaye ukimsimulia ndoto anakupa namba ya kucheza.

— Hebu tuone tena, Mis, — Wakili akaniambia. Kwetu muuguzi anaitwa Mis, mimi si muuguzi, nilimaliza sekondari basi, lakini cheo wananipa wenyewe wakitaka dawa ya bure.

Nikafungua ngumi. Wakainamia kidole wote kama wanasoma tangazo la msiba.

— Mbona imekolea kuliko ya wapiga kura wenyewe, — Namba akasema. — Binti, kwa gumba hili watasema ulirudi kupiga tena na tena mpaka boksi likajaa.

— Kisheria hana kosa, — Wakili akasema. — Kwenye kura wanapaka gumba tu. Huyu ana gumba na shahada. Vidole viwili hiyo si kura, hiyo ni kazi.

— Nenda kawaeleze hivyo pale kwenye moshi, — Madan Dyelit akamwambia. — Ila cherehani utuachie huku, ukirudi hutaihitaji.

Hatukucheka sana. Mchana nilikuwa nimemfunga kidonda Bòs Leyon, fundi mwashi, yeye alipiga kura kweli, wakamwekea gumba juu ya jiwe na jiwe jingine juu yake. Alikuwa ananiuliza kama atashika tena mwiko, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, atashika, huku sijui nasema ndiyo ya nini.

— Sabuni umejaribu? — Redio akauliza.

— Ya mche, ya unga, zote.

— Ndimu na majivu, — Madan Dyelit akasema, na hakungoja, akakata ndimu, akachota majivu jikoni kwake, akanishika mkono kama ananiogesha. Iliwasha mpaka machozi. Kucha ndiyo ikazidi kuiva.

— Mafuta ya taa, — Redio akasema.

— Mafuta ya taa atanuka, halafu aende kusimama kwenye moto wa matairi, akili yako iko wapi, — Madan Dyelit akamjibu.

— Basi kleren, — Redio akasema. Kleren ni pombe yetu ya miwa, na yeye alikuwa na kidogo kwenye chupa ya soda. Akamwaga tone moja kwenye gumba langu, iliyobaki akainywa, akasema mambo ya dawa hayataki haraka.

Rangi haikwenda popote. Nikawaambia jua linashuka, na giza likiingia pale darajani hawaulizi tena, na mtoto wangu hajawahi kunyonya chupa, anaitema, na baba yake yuko Dominikani anachanganya zege, hakuna mwingine wa kumkimbilia ila mimi, na nilikuwa naongea haraka mpaka Madan Dyelit akanipa kikombe ili ninyamaze.

— Giza ndiyo baya zaidi, — Redio akasema. — Redio imetangaza, wino wa safari hii una chembechembe, unang'aa usiku. Aliyempigia mgombea wa mwavuli unang'aa kijani, wa taa unang'aa mwekundu. Vijana wanasubiri jua lizame tu wajue nani ni nani.

— Redio ipi? — Wakili akauliza. — Hiyo haina betri tangu Pasaka.

— Nilisikia kabla hazijafa.

— Kabla ya Pasaka wagombea walikuwa hawajapewa hata alama.

— Ndiyo ujue mipango ilianza zamani.

Namba akaweka kikombe chini. Alikuwa amenitazama kwa muda.

— Mimi nawaza jingine, — akasema. — Wino wa kura unapikwa wapi? Si hapa. Unaletwa. Haya, nani hapa Ti Pon ana zambarau ya kumwaga, mwaka mzima, kwenye makopo?

Wote wakanigeukia. Maneno kama hayo yakivuka daraja kabla yangu, mimi sivuki tena.

— Kaka Namba, nakuomba, usiseme hivyo. Napaka watoto midomo mimi.

— Sijasema wewe. Nasema hesabu inakubali. Misheni inapika wino, wino unaingia kwenye kura, kura inamweka mtu wao. Na watoto wanapakwa mapema ili wakikua wahesabike wameshapiga.

— Kweli hii, — Redio akasema. — Na lile gari lao lilibeba maboksi ya kura, watu wameliona.

— Lilibeba mchele na glavu, — nikasema, — na limekwama tangu wiki iliyopita, na Sista Odil, mkuu wetu, hajatoka getini, ubalozi wa nchi yao umewaambia masista wakae ndani, ndiyo maana tunafungua sisi wenyewe. Tunaimba wimbo mmoja, tunachemsha maji, tunawaning'iniza watoto kwenye mizani, tunapaka, tunafunga. Maboksi gani hayo.

— Sasa mbona unatetemeka? — Redio akauliza, na kibanio cha kidevuni kikawa kinatikisika.

— Natetemeka kwa sababu mnaongea.

Madan Dyelit akamwambia Namba anywe kahawa yake, kama ana maneno ya kupeleka darajani ayapeleke mwenyewe na miguu yake. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini mkobani nina nini, maana nilikuwa nimeukumbatia kama mtoto. Nikamwonyesha. Chupa ndogo ya dawa ileile, nimeizungushia nailoni. Jirani yangu ng'ambo mwanawe ana utando na hawezi kuvuka kumleta, nikamwahidi nitakuja nayo.

— Tupa mtaroni, — Redio akasema. — Sasa hivi. Kidole unaweza kujitetea, chupa utasemaje?

— Hapo namuunga mkono, — Wakili akasema. — Kidole ni mwili. Chupa ni kielelezo.

Nikasimama mpaka ukingoni mwa mtaro, chupa mkononi. Na sikuitupa. Wala si ushujaa. Yule mtoto namsikia usiku kupitia ukuta, analia njaa na ziwa liko mdomoni, halafu wangu anaamka naye analia, na mimi na mama yake tunagongeana ukuta kupeana pole. Nikairudisha mkobani, nikakaa.

— Ukaidi huo, — Redio akasema.

— Mwache, — Wakili akasema. — Nimepata. — Akatoa mfukoni kastabini yake, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni akishona. — Vaa hii kwenye gumba. Ukiulizwa, wewe fundi, unatoka kazini. Hakuna sheria inayomlazimisha fundi kuvua kastabini barabarani.

— Na kidole cha shahada?

— Hicho kikunje. Mafundi wote vidole vimekunjamana, tazama changu.

Kile kikofia kilikuwa kidogo. Akakisukuma mwenyewe, akakizungusha, akakisukuma tena, mpaka kikaingia na kukaa, na kidole kilivyokuwa kimevimba kwa ndimu na majivu nikajua hakitoki hata nikitaka. Namba akasema ile ni ndoto kabisa, chuma juu ya zambarau, na kama ningekuwa na akili ningecheza namba jioni hiyohiyo.

Ndipo mtu akaita Onè nyuma yetu, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyopiga hodi, na sisi tukachelewa kuitikia Respè, kwa sababu alinuka mpira ulioungua. Nilimtambua. Kijana wa fulana ya njano, nilimwona asubuhi akibingirisha tairi kuelekea darajani. Anaitwa Wolson.

— Madan Dyelit, kahawa ipo?

— Ya mwishomwisho.

Akanywa amesimama. Wakili akasema mvua mwaka huu inachelewa. Namba akasema kweli inachelewa.

— Mzee Redio, umefungwa tena, — Wolson akasema.

— Wameniibia.

Akatabasamu kidogo, halafu macho yakashuka mpaka kwenye mkono wangu.

— Dada, hiyo nini?

— Kastabini.

— Wewe fundi?

— Huyu namfundisha kazi, — Wakili akasema, sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake.

— Kwa gumba? Mama yangu alishona miaka mingi, alivaa kidole cha kati.

 Akaweka kikombe kwenye benchi, akanishika mkono, akavuta. Kastabini ilitoka kwa mvuto wa pili, maji ya ndimu yakachuruzika, na gumba likabaki nje, zambarau kama lilivyokuwa. Basi nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba sikupiga kura, kwamba ni dawa ya watoto, kwamba na hiki cha shahada kina rangi tazama, kwamba nina mtoto ng'ambo hajala, na nikatoa na chupa nikampa, kitu ambacho nilikuwa nimeapa sitakifanya. Redio akafumba macho.

Wolson akaifungua chupa, akanusa, akaielekeza kwenye mwanga.

— Ndiyo hii ya utando.

— Ndiyo hii.

— Wa kwangu anao. Hanyonyi tangu juzi, akishika ziwa analia analiachia. Jana mke wangu alimleta, geti limefungwa.

— Jana ilikuwa kura, kaka. Watu waliogopa kutoka.

— Waliogopa nini?

Wakili akaangalia viatu vyake. Madan Dyelit akapangusa kikombe ambacho kilikuwa kikavu. Wolson mwenyewe akaigeukia barabara, kule moshi ulikokuwa, halafu akaifunga chupa taratibu.

— Twende umpake, — akasema. — Yuko kwa dada yangu, nyumba ya kwanza ukivuka. Nitakupitisha.

Miguu ilitaka kuondoka palepale. Lakini hiyo dawa ukipaka mara moja ni kazi bure, na hilo nalisema kila siku kwa akina mama misheni, likatoka lenyewe.

— Leo nitampaka mimi, — nikamwambia. — Lakini ni asubuhi na jioni mpaka utando uishe, na kesho sijui kama nitatoka nyumbani. Mtapaka wenyewe. Unafunga kitambaa kidoleni, unachovya, unazungusha ndani ya mashavu na juu ya ulimi, taratibu, usimkwaruze. Hiyo chupa tutagawana na jirani yangu. Wa kwako apakwe na mama yake.

— Mama yake anakwenda sokoni, — Wolson akasema. — Njia ile ina vizuizi vya watu wengine. Huko hawanijui.

— Nao wanakagua?

— Wanakagua.

— Basi apake asiyetoka. Dada yako.

— Dada yangu ndiye anambebea mzigo.

— Basi ni wewe.

Akanyoosha mkono wake, akautazama, ulikuwa mweusi wa masizi, gumba nene lenye kovu la zamani kwenye kifundo. Akalinganisha na langu.

— Kitambaa kikiwepo rangi inapita?

— Inapita.

— Na inatoka na nini?

Alituuliza wote, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia. Nusu ya ndimu ilikuwa bado kwenye benchi, imebanwa mpaka ganda. Majivu yalikuwa yamemwagika miguuni petu. Wakili alikuwa anaizungusha kastabini yake kiganjani, ndani imechafuka zambarau, na akaiweka mfukoni. Namba hakutoa namba. Redio alipandisha redio sikioni, akakuta kibanio, akaishusha.

Madan Dyelit akainamisha birika juu ya kikombe cha Wolson. Yakatoka machicha.

— Imekwisha, — akasema.

Tukaondoka, yeye mbele mimi nyuma, chupa ninayo mimi. Kabla hatujafika kwenye moshi niliona anatembea mkono wa kulia umekunjwa, gumba amelificha ndani ya vidole, vilevile nilivyokuwa nimekaa mimi tangu mchana, na lake lilikuwa bado halijaguswa hata na tone.